Kundi la WhatsApp, blogu au jedwali la pamoja? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

SWALI: Mwalimu mstaafu wa Kiswahili anatuandikia kutoka Tanga. Yeye na wenzake, baadhi wakiwa Pemba na wengine Mombasa, wanakusanya kutoka kwa wazee maneno ya uvuvi na ubaharia: majina ya vyombo, mitego, pepo, maji na samaki. Kazi yote imo ndani ya kundi moja la WhatsApp, na kwa kuwa kundi limejaa ujumbe, wanabishana wahamie wapi. Mmoja anataka blogu, wa pili ukurasa wa Facebook, wa tatu anasema kila kitu kiingizwe Google Docs, na wa nne anauliza kwa nini wasiandike moja kwa moja kwenye Wikipedia ya Kiswahili. "Wewe umezitumia zana hizi zote kwa miaka mingi," anaandika. "Zimekuachia maoni gani, na sisi tushike ipi?" Anauliza pia watawapataje wachangiaji kutoka vijiji wasivyovifikia, na anagusia wazo la kumtafuta mfadhili atakayewalipa vijana kwa kila neno.

JIBU: Shikamoo, Mwalimu.

Katika ubishi wenu kila mmoja ana hoja ya kweli, ila kila mmoja anazungumzia sehemu moja tu ya kazi. Baada ya kuandika kwenye blogu, kukaa kwenye mitandao ya kijamii na kusimamia hati zinazoandikwa na watu wengi kwa pamoja, nimebaki na imani kwamba zana hizi zinatofautiana zaidi katika urahisi wa kulipata tena jambo lililokwisha kusemwa. Ile inayomrahisishia mtu kusema, mara nyingi ndiyo inayomtesa anayetafuta. Kwa hiyo sioni sababu ya ninyi kuhama; ninachoona ni haja ya kuigawa kazi, ili kusikiliza kufanyike mahali pamoja, kuandika na kusahihishana mahali pengine, na kuchapisha mahali pa tatu.

Nianze na kundi lenu, kwa kuwa ndilo lililobeba mzigo wote hadi leo. Mzee aliyeshinda baharini maisha yake yote, na ambaye hana mazoea ya kuandika kwenye simu, anaweza kubonyeza kitufe kimoja akaeleza namna dema linavyosukwa, na sauti yake ikafika Mombasa kabla hajamaliza kikombe cha kahawa. Mwenzake wa Mombasa anaisikia, anatikisa kichwa, anajibu kwamba kwao sehemu ile ya mtego ina jina jingine. Hakuna zana nyingine ninayoijua inayowezesha hayo ufukweni, kwa simu ya bei nafuu na bando dogo. Sauti hiyo ina thamani kuliko maelezo yoyote yatakayoandikwa baadaye, kwa maana imebeba matamshi ya lahaja zenu, Kimtang'ata, Kipemba au Kimvita, kama yalivyo, pamoja na kusita, kucheka na kujisahihisha kwa msemaji. Msiruhusu mtu yeyote awaambie kwamba WhatsApp si mahali pa kazi ya maana.

Tatizo linaanza pale mnapolitaka kundi liwe kumbukumbu. Utafutaji wa WhatsApp husoma maandishi. Ukiandika neno "jarife", yaani aina ya wavu, hautakupeleka kwenye ujumbe wa sauti wa dakika tano ambamo mzee amelitaja jarife mara ishirini. Picha au sauti ambayo simu haikuipakua mapema huenda isiwepo tena kwenye seva, na programu itakwambia umwombe mtumaji aitume upya, naye pengine amekwisha kubadilisha simu. Picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, hivyo kamba na mafundo yaliyoonekana vizuri kwenye simu ya mpigaji hufika yakiwa na ukungu. Zaidi ya hayo, kazi yenu imechanganyika na salamu za asubuhi, taarifa za misiba, michango ya harusi na ujumbe uliosambazwa kutoka makundi mengine, mambo ambayo katika jamii yetu hayawezi wala hayafai kukatazwa.

Dawa zake ni ndogo. Fungueni kundi la pili la kazi tu na mliache la kwanza liendelee kuwa baraza. Katika kundi la kazi kuwe na sharti moja lisilosamehewa: kila anayetuma sauti aandike mara moja chini yake neno linalozungumziwa, mahali lilipotoka na alama ya msemaji, kwa mfano "dema, Pemba, M3". Mstari huo mmoja hutafutika. Picha muhimu zitumwe kama hati ili zifike kwa ukubwa wake wa asili. Hakikisheni pia kwamba mpangilio wa ujumbe unaotoweka wenyewe umezimwa, maana nimeona vikundi ambavyo mtu aliuwasha kwa nia njema ya kuokoa nafasi kwenye simu, na miezi mitatu baadaye hapakuwa na la kurudia.

Kuna jambo jingine kuhusu makundi ambalo miongozo ya zana hizi haiandiki, nalo kwenu lina uzito. Mzee akitoa maana ya neno mbele ya watu arobaini, ni vigumu kwa kijana kumpinga hapo hapo bila kuonekana amekosa adabu, na ni vigumu vilevile kwa mzee mwenyewe kubadili kauli. Matokeo yake ni kwamba kundi huonyesha makubaliano ambayo hayapo. Anayedhani kwamba mzee amechanganya maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) na bamvua (yanayojaa na kupwa sana) hunyamaza, au humwandikia rafiki yake kando, na shaka hiyo haiingii kwenye kumbukumbu yoyote. Kwa kazi ya kukusanya maneno hiyo ni hasara kubwa, kwani mara nyingi mahali ambapo wajuzi wawili hawakubaliani ndipo penye tofauti ya lahaja inayostahili kuandikwa.

Ndiyo maana ninamuunga mkono kijana wenu wa tatu, ila ninamsogeza kidogo: msitumie hati ndefu, tumieni lahajedwali, yaani jedwali la safu na mistari kama Google Sheets. Hati ndefu ya maneno elfu moja inayoandikwa na watu kumi huishia kuwa na mitindo kumi. Lahajedwali humlazimisha kila mmoja kujibu maswali yaleyale: neno, wingi wake, maana, sentensi kamili kama ilivyosemwa, mahali, alama ya msemaji, jina la faili la sauti, aliyeandika na aliyehakiki. Kila neno la kila mahali liwe na mstari wake. Iwapo Pemba na Mombasa wanakiita kifaa kimoja kwa majina mawili, au wanatumia jina moja kwa vifaa viwili, msijaribu kupatanisha. Wekeni mistari miwili na muwaachie watafiti wa baadaye kazi ya kuamua.

Mwenye shaka hafuti alichoandika mwenzake. Anaacha maoni pembeni ya kisanduku, na maoni hayo hubaki hata baada ya kujibiwa. Nimeona watu wapole kabisa, wasiosema lolote katika kundi, wakiandika humo pingamizi nzito na za heshima, kwa sababu pingamizi linalokaa pembeni ya neno moja halionekani kama kumwinukia mtu. Wapeni wanachama wengi ruhusa ya kutoa maoni tu, na ruhusa ya kuhariri wapewe watatu au wanne wenye subira. Hata hao wakikosea, historia ya matoleo itaonyesha nani alibadilisha nini na lini, na jedwali linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Wazo hilo la kuwaamini watu wengi kwa kuwa kila badiliko linaweza kutenguliwa ndilo lililoibeba "wiki" ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, ile aliyoianzisha mtaalamu wa programu Ward Cunningham mwaka 1995, na ndilo linaloibeba Wikipedia hadi leo.

Jedwali nalo lina hatari yake, na mara nyingi hutokea pasipo mtu kutambua. Faili la Google lina mwenyewe mmoja, yaani akaunti iliyolifungua. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Iwapo jedwali limefunguliwa na kijana ambaye kesho atapata kazi mbali na kuisahau akaunti hiyo, kazi yenu inategemea kumbukumbu yake. Fungueni akaunti ya kikundi, nywila yake wawe nayo watu watatu wa miji tofauti, na sauti zote zihifadhiwe humo kwa majina yanayolingana na jedwali. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, ambayo kwa ujumbe wa sauti inatosha kwa muda mrefu ikiwa hamtajaza video. Kila mwezi mtu mmoja apakue jedwali na kuliweka kwenye diski ya nje au flashi, na siku hiyo ijulikane.

Rafiki yenu wa Wikipedia anastahili jibu la wazi, kwa kuwa pendekezo lake ni zuri ila limekuja mapema. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni kamusi elezo, na moja ya kanuni zake za msingi ni kwamba haipokei utafiti mpya. Kila dai linatakiwa liwe na chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Alichowaambia mzee wa Pemba wiki iliyopita, hata kama ni kweli tupu, hakina chanzo cha namna hiyo. Mkichapisha kwanza mahali pengine kwa utaratibu unaoaminika, makala kuhusu dema au ngalawa yanaweza kuandikwa baadaye yakitegemea vyanzo vingi, na picha na sauti zenu zinaweza kupakiwa kwenye Wikimedia Commons, hazina ya picha na sauti inayotumiwa na Wikipedia. Fahamuni tu kwamba kinachowekwa huko huwekwa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukitumia, hata kibiashara. Wazee waelezwe hivyo kabla, kwa maneno ya kawaida.

Nakumbushwa pia mashindano ya mwaka 2009 na 2010, ambapo Google iliwashawishi wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kwa zawadi ili waandike makala ya Wikipedia ya Kiswahili. Makala yalipatikana kwa mamia. Waandishi waliobaki kuendelea baada ya zawadi walikuwa wachache sana. Ninalisema hili kwa sababu barua yako inagusia kumtafuta mfadhili atakayewalipa vijana kwa kila neno. Fedha ya namna hiyo huleta maneno mengi kwa muda mfupi, na wanaobaki kuyahakiki ni walewale waliokuwepo kabla ya mfadhili. Kama mtapata fedha, nunueni bando, kinasa sauti kizuri na nauli ya kuwafikia wazee.

Kuhusu Facebook nitasema machache. Wasomaji wako huko. Tangu mwaka 2014, Tigo ilipoanza kutoa Facebook bila malipo ya data nchini Tanzania, watu wengi waliifahamu intaneti kupitia mlango huo. Picha ya mtego usiojulikana jina, ikiwekwa hapo na swali fupi, inaweza kuwaletea majibu kutoka Lamu, Kilwa, hata Maskati, ambako wapo Waswahili wenye kumbukumbu za majahazi ya kaskazi. Ukurasa utumieni kwa maswali na matangazo hayo, na majibu yahamishiwe kwenye jedwali siku hiyohiyo, kwa sababu mpangilio wa kurasa hizo hutawaliwa na kampuni, na kilichoandikwa mwezi uliopita huzama chini ya mapya. Msiweke humo majina ya miamba na maeneo ya kuvulia. Mvuvi anayekutajia mwamba wake amekuaminia riziki yake, na wapo wanaosoma wakiwa na boti kubwa kuliko ngalawa yake.

Nimeiacha blogu hadi sasa kwa kuwa ndiyo ninayoipenda, na mpenzi hafai kuwa shahidi wa kwanza. Walioanza kusoma Kiswahili mtandaoni katikati ya miaka ya 2000 watakumbuka Jikomboe, blogu ya Ndesanjo Macha, na pilikapilika zake za kuwashawishi wengine wafungue blogu zao. Watakumbuka pia jinsi blogu ya Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, ilivyokuwa mahali ambapo Mtanzania aliye ughaibuni alianzia siku yake. Kilichonivutia enzi hizo ni kwamba mtu aliandika kwa sauti yake, kwa urefu alioutaka, na wasomaji walewale wakarudi chini ya habari kubishana kwa siku kadhaa. Mazungumzo hayo baadaye yalihamia Facebook na Twitter, na baadaye tena WhatsApp. Google ilipoifunga Google Reader mwezi Julai 2013, wasomaji wengi waliokuwa wakifuata blogu kadhaa mahali pamoja waliacha, na waandishi wengi walichoka kuandikia ukimya.

Blogu basi ilipoteza mazungumzo, lakini ilibaki na kile ambacho kundi lenu halina. Kila andiko lina anwani yake, tarehe yake na jina la mada yake. Mtafuta habari anayeandika neno "dema" kwenye injini ya utafutaji anaweza kulifikia bila kujiunga na chochote wala kuomba ruhusa ya msimamizi. Mwanafunzi wa mwaka 2035 ataweza kulinukuu. Kwa kuwa mazungumzo mnayo tayari, na ni mazuri, hamuhitaji blogu iwape wachangiaji. Mnahitaji iwape makazi.

Msichapishe neno mojamoja. Chapisheni mada moja iliyokamilika, mathalani mitego ya kusukwa, au pepo za mwaka kuanzia kaskazi hadi kusi, ikiwa na picha, sauti moja au mbili, maelezo ya tofauti za mahali, na majina ya waliochangia ikiwa wamekubali kutajwa. Andiko moja la namna hiyo kwa mwezi latosha kabisa. Kila linapotoka, lihifadhini pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, kazi isiyozidi dakika moja, kwa sababu huduma za bure hufungwa: GeoCities ilifungwa mwaka 2009 na kurasa za watu wengi zikaondoka nayo, na Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019.

Kwa upande wa Tanzania lipo suala la sheria ambalo siwezi kuliruka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kusajiliwa na kulipa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili, na waandishi binafsi wengi waliacha kuandika kwa sababu hiyo. Kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, hivyo msitegemee habari za mitaani wala jibu langu hili. Mmoja wenu aende TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, aulize kama blogu ya kikundi cha utafiti wa lugha inahitaji leseni, ipi na kwa kiasi gani, na ajibiwe kwa maandishi. Vilevile Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Kwenu ninyi maana yake ya kwanza ni kwamba ridhaa ya mzee inayohusu sauti na jina lake iwe imerekodiwa, na njia rahisi ni kumwomba aitamke mwenyewe mwanzoni mwa mazungumzo, akisema kama anakubali isikike hadharani au ibaki kwa watafiti tu. Safu ya ridhaa iongezwe kwenye jedwali.

Umeuliza pia jinsi ya kuwapata wachangiaji kutoka vijiji msivyovifikia. Hapa mfano ninaourudia ni Ushahidi, tovuti ya Kenya iliyokusanya taarifa za wananchi kwenye ramani. Mwanzoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake kwamba inahitajika ramani ya kuonyesha yanayotokea, na ndani ya siku chache wanablogu na mafundi wa programu wenzake walikuwa wameitengeneza. Kilichofanya watu wa kawaida waweze kuchangia ni udogo wa kazi waliyoombwa: waliweza kutuma ujumbe mfupi wa simu wenye mahali na tukio, na uhakiki ukafanywa na wengine. Mvuvi wa Moa au Msambweni msimtumie kiungo cha jedwali lenye safu kumi. Mwombeni picha moja, jina moja na kijiji kimoja. Safu zilizobaki zijazwe na aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kabla ya lolote kati ya haya, wiki hii mtu mwenye simu yenye kumbukumbu ndefu zaidi alihamishe gumzo la kundi la zamani kwa amri iliyomo ndani ya WhatsApp, mara moja likiwa na picha na sauti, na mara ya pili likiwa maandishi matupu, maana programu ina kikomo cha ujumbe unaotoka kwa mara moja na nakala yenye sauti hukatika mapema zaidi. Asiwepo wa kufuta chochote kwenye simu yake mpaka nakala hizo zifunguliwe na kusikilizwa kwenye kompyuta. Halafu mjaze mistari ishirini ya jedwali kwa maneno ambayo hayana ubishi na mnitumie, ili kama safu zinahitaji kubadilishwa tuzibadilishe zikiwa bado na maneno machache.